Ua Wako na Ua Lako

Kabula mwanangu,

Salamu za kwenye barua leo hazina kazi. Asubuhi umeniamkia shikamoo, nimekuitikia marahaba, umeniuliza nimelalaje nikakudanganya kuwa nimelala vizuri. Sasa ni alasiri. Wewe umepanda bodaboda kwenda Kilindoni kuulizia tiketi ya boti ya Nyamisati, na mimi nimekaa hapa uani na daftari la zamani la mwanafunzi, namwandikia mtu ambaye baada ya saa mbili atarudi na kuniuliza chakula kiko wapi. Lakini yapo mambo ambayo mdomo wangu hauyawezi ukinitazama. Ukinikazia macho tu nitaanza kukueleza habari za chandarua.

Habari za chandarua sitakuandikia, wala za kuchemsha maji, wala za kupiga simu kila Jumapili. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na mimi nimechoka kuyasema. Kusema kweli nimechoka karibu kila mahali: magoti, macho, kifua kilichokula chaki miaka yote hii. Nimebakiwa na nguvu ya jambo moja tu, basi acha niitumie hapa.

Juzi ulirudi kutoka Lindi kuiangalia ile nyumba ya watumishi uliyopewa. Ukasema ni nzuri, isipokuwa ubavuni kuna kichochoro kati yako na jirani, na dirisha lake la jikoni linatazamana na mlango wako wa nyuma. Ulikipima kwa hatua, mbili na nusu. Ukaniuliza, "Mama, nipande nini pale, watu wasinione?" Nikajibu, "Tutaona." Ulinishangaa, maana mimi si mtu wa kujibu "tutaona". Jana asubuhi ukauliza tena, nikasema nina mboga motoni. Hapakuwa na mboga motoni.

Kesho, kabla ya kushuka gatini, utapita kwa Bi Zuhura kumuaga. Utainama, utamshika mkono, naye atakutazama kwa jicho lake moja na kukuombea dua. Siwezi kukuacha uondoke Mafia ukiwa bado unaamini kwamba lile jicho jingine lilichomwa na njiti ya ukuti. Halikuchomwa na njiti. Lilipotea kwa sababu ya ua niliopanda mimi, na kwa sababu ya jambo jingine baya zaidi ambalo sikumwambia mtu yeyote mpaka jana jioni. Nitalijibu swali lako, mwanangu, ila itabidi univumilie nikizunguka kidogo.

Unakijua kichochoro chetu sisi. Umekikanyaga tangu hujajua kutembea sawasawa. Siku moja nilikipima kwa rula ya ubaoni, ile ya mbao ya mita moja, ikaingia mara mbili na kipande. Upande huu ukuta wa jiko letu, upande ule ukuta wa Bi Zuhura. Nilipohamia hapa Kiegeani palikuwa na mchanga mtupu na kijia chembamba kikipita katikati. Sikujua kijia kile ni cha nini. Kwetu Shinyanga nyumba ziko mbalimbali, jirani ukimtaka unapaaza sauti. Huku wanawake wana njia zao za nyuma, ua kwa ua, ili mtu akitaka chumvi au kijinga cha moto asizunguke barabarani, mbele ya baraza la wanaume, na kanga yake ya kupikia. Hilo nililielewa baada ya kuliharibu.

Baba yako aliondoka ukiwa hujatimiza mwaka. Alipata uhamisho kwenda bara, akasema anatangulia kututafutia nyumba. Nyumba aliipata, na unamjua anayekaa ndani yake. Barua hii si ya kumsema baba yako. Nimemsema vya kutosha mbele yako, na nusu ya maneno yale najuta. Ninalotaka ulijue ni la shati. Alisahau shati moja la bluu. Nikalifua, nikalianika kwenye kamba, na kamba yetu ilielekea moja kwa moja mlango wa Bi Zuhura. Wiki iliyofuata nikalifua tena, halina hata vumbi. Nikaendelea hivyo miezi, kila Jumamosi shati la bluu kambani, ili jirani akitupa jicho aone nyumba ina mwanamume.

Siku moja Bi Zuhura alikuwa anakatiza kwenye kijia na ndoo yake. Akasimama, akalitazama shati, akaniambia taratibu, "Mwalimu, shati hilo litaisha kwa kufuliwa."

Alisema kwa huruma. Leo naijua sauti yake ya huruma na naijua ya utani, na ile ilikuwa huruma tupu. Lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Niliona ameingia mpaka chumbani kwangu. Tangu hapo kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, kuziba kile kichochoro, juu mpaka chini, nisionwe na mtu.

Sasa sikia kosa langu la kwanza, na ucheke, maana baada ya hapo hakuna pa kucheka. Kiswahili cha hapa pwani kina neno moja linalokaa nyumba mbili. Ukisema "ua wangu" ni uzio wako. Ukisema "ua langu" ni lile la kunusa. Wewe umezaliwa nalo, hukosei hata usingizini. Mimi nilikuja hapa na Kiswahili cha kwetu na cheti cha kufundisha hesabu. Nikasimama kisimani mbele ya wanawake saba au wanane, nikatangaza: "Nataka ua langu liwe refu, lifunike pale pote."

Walicheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. "Ua refu! Mwalimu, ua gani hilo, alizeti?" Mwingine akadakia, "Huko kwao Usukumani maua yanapanda mpaka juu ya paa!" Sikujua wanacheka nini. Kesho yake mtoto wa darasa la nne ndiye aliyenieleza, naye kwa adabu zote, jambo lililoniuma zaidi.

Siku ya tatu Bi Zuhura akaja kwa kijia cha nyuma. Alikuwa ameshika kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga, na ndani yake vijiti vitatu vyenye majani madogo madogo. Akasema, "Mwalimu, nimekuletea ua lako." Akasema hivyo hivyo, lako. Uso wangu ukawaka. Nikaona huyu hakutosheka na kicheko cha kisimani, ameamua kunifuata mpaka mlangoni. Nikapokea, nikasema ahsante, nikaliweka kopo nyuma ya jiko mahali ambapo mvua haifiki. Sikuuliza ni mti gani wala ni wa nini. Sikulimwagia hata tone. Bi Zuhura alipita pale kila siku akiliona likikauka, wala hakuniuliza.

Baada ya hapo nikachagua mwenyewe, kwa hasira, na kwa hasira mtu hachagui mti. Makuti nikayakataa kwa sababu yanaoza na kila baada ya muda unasuka upya, na aliyekuwa akiyasuka vizuri ni huyo huyo Bi Zuhura. Michongoma nikaiona shuleni, ina miiba mizuri, lakini inataka nafasi. Kwenye mita mbili ungepita kiubavu ukitoka na damu. Ndipo siku moja, tukiwa njiani kwenda Kanga kwenye mkutano wa walimu, nikaona minyaa pembeni mwa shamba la mtu. Moyo ukaruka. Kwetu kila boma limezungushiwa minyaa. Nilikuwa sijaona kitu cha kwetu tangu nivuke bahari. Nikaomba matawi, nikayafunga kwa gazeti, nikarudi nayo mapajani.

Mnyaa ni mti wa mvivu na wa mwenye kiburi. Unachomeka kijiti mchangani, basi. Hauombi maji na mbuzi hawaugusi. Mvua za pili zilipokatika ulikuwa umenipita kichwa, umefungamana, hata kuku hapenyi. Nakumbuka asubuhi ya kwanza niliyoanika nguo bila lile shati. Nilijisikia nimelala usingizi wa siku tatu. Shati nikalikata vipande, likawa dasta ya darasa la tano.

Lakini kila mtoto wa kwetu anajua kitu kingine kuhusu mnyaa. Ukivunja kijiti kinatoka utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu ule ukiingia jichoni ni moto. Mama yangu alikuwa akitufinya masikio tukiichezea. Ukikupata yanatakiwa maji hapo hapo, mengi, uoshe na uoshe bila kuacha. Nilijua haya yote siku niliyoipanda. Nikajiambia hapa si kwetu, hapa hakuna watoto wa kuchezea minyaa. Wewe ulikuwa unatambaa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Na kichochoro kilikuwa chembamba. Mti ulipokosa pa kwenda upande wangu, ukaegemea upande wake, ukafunika mitungi yake na kamba yake. Akaniita kutoka ng'ambo, hatuonani: "Mwalimu, mti wako unanivamia huku." Nikamjibu bila kuinuka, "Kata upande wako." Maneno matatu tu. Sikuongeza la nne, la kumwambia afunge kitambaa usoni, aweke maji karibu. Nikajiambia atakuwa anajua mwenyewe.

Akakata Jumamosi hiyo. Ulikuwa unakaribia miaka mitatu, umekaa mkekani unapanga visoda. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nasikia panga, pa, pa, pa, kisha nikasikia ukelele, kisha: "Mwalimu!"

Nikadhani ni lawama za ua zimeanza. Nikaendelea kusahihisha.

"Mwalimu! Maji!"

Pipa langu la maji ya mvua lilikuwa pale pale ukutani. Zamani, kabla ya minyaa, alikuwa akipita kijiani na kuchota. Nikawaza, sasa azunguke kama watu wengine. Mara ya tatu sauti ilikuwa imebadilika, si ya mtu anayeomba maji ya kupikia, na mtoto angejua hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua kutosikia, na mtu akishaamua hivyo anakuwa kiziwi kweli. Nikaweka alama ya vema kwenye hesabu iliyokosewa. Naikumbuka mpaka leo, ilikuwa ya kugawanya.

Kutoka alipokuwa mpaka pipani ni hatua sita. Mitungi yake ilikuwa mitupu. Ilibidi apapase ukuta, atoke kwa mlango wa mbele, azunguke barabarani huku amefunika uso, na wifi yake ndiye aliyemkuta njiani akiuliza kisima kiko upande gani. Mimi nilitoka niliposikia makelele ya watu. Nilipomwona nilimmwagia pipa zima. Maji hayakuwa na kosa, yalichelewa tu. Jicho moja lilipona. Jingine likabaki na ule ukungu mweupe unaoujua.

Minyaa niliikata mwenyewe, nimejifunga kanga uso mzima, nikaing'oa mizizi kwa jembe mpaka viganja vikababuka. Hilo halikuwa toba, mwanangu. Niliogopa watu wasije wakaanza kuutazama ule ua na kujumlisha moja na moja. Kisha nikaenda kwa Bi Zuhura na unga na sukari, nikasema pole. Akasema, "Ajali haina kinga, Mwalimu." Watu walipouliza, akawaambia alikuwa anafunga makuti, njiti ikamrukia. Wifi yake aliyajua mengine na alinyamazishwa. Ulipopata akili za kuuliza, na wewe ukaambiwa la njiti, mbele yangu, nami nikaupokea uongo ule kwa mikono miwili. Mgeni kutoka bara aliyempofua mwenyeji asingekaa kijijini hata wiki. Bi Zuhura alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua.

Unaukumbuka mkeka uliokuwa ukilalia, ule wenye mstari mwekundu uliopinda katikati? Ulikuwa ukiufuata mstari ule kwa kidole na kucheka kwamba mkeka wa Bibi umelewa. Kabla ya hapo mikeka yake ilikuwa inaagizwa mpaka Kilindoni kwa watu wanaooa, kwa jinsi alivyokuwa anashona ukili kwa ukili bila kuacha alama. Jicho moja halioni mshono vizuri. Ulipokuwa ukicheka mimi nilikuwa natoka nje.

Tangu nilipong'oa minyaa sikupanda kitu pale. Miaka ishirini na zaidi kichochoro kimebaki mchanga. Yeye anafagia kutoka kwake, mimi nafagia kutoka kwangu, alama za fagio zinakutana katikati, na kati ya alama hizo palikuwa na nyayo zako. Wewe ndiye uliyekifungua tena kile kijia. Asubuhi unavuka na kikombe, unarudi na mdomo wenye sukari. Nilikuwa nakuita urudi, unarudi, dakika haijapita umevuka tena. Nikachoka kukuita.

Nimekuwa nikijiuliza nilikuwa naficha nini hasa. Kwamba nimeachwa? Bi Zuhura alilijua hilo kabla sijalijua mimi, shati lilimwambia. Mwanamke anayefua shati safi kila Jumamosi hana siri. Niliona aibu kuonewa huruma, nikaichukua huruma nikaiita dharau. Kosa hilo nimelifanya na watu wengine pia. Nimelifanya na wewe, siku ile ya matokeo ya kidato cha nne uliponishika bega nikautoa mkono wako. Uliona nimekasirika. Sikukasirika, nililia jikoni.

Jana jioni ulipokuwa kwa rafiki zako, nilivuka. Nilimkuta amekaa mlangoni anasuka ukili, nikakaa chini karibu naye. Niliyapanga maneno tangu ulipoleta habari za Lindi, yakaniishia yote. Nikasema, "Bi Zuhura, siku ile nilikusikia ukiniita."

Hakuacha kusuka. "Najua."

"Unajua?"

"Mtoto alisema."

Kabula, hapo juu nimekuandikia habari za siku ile na nimeacha kipande. Nimejitahidi kukiweka pale, mkono ukakataa, basi nakiweka hapa. Alipoita mara ya tatu, wewe uliacha visoda vyako ukaja ukanishika goti. Ukasema, "Mama, Bibi anaita." Nikakwambia, "Nyamaza." Nilisahau kwamba minyaa haizuii sauti.

Bi Zuhura akasema, "Nilisikia yote mawili. Lake na lako. Nikasema, alhamdulillahi, nyumba ile ina mmoja anayenisikia. Nikamngoja huyo akue."

Nikamuuliza kwa nini hakunikabili, kwa nini aliniacha nikala naye Idd, nikazika naye watu, miaka yote hiyo. Akajibu kwa ile sauti yake ya utani, lakini mikono ilisimama. "Ungefunga mizigo uende zako bara, Mwalimu. Na yeye ungeondoka naye. Jicho limeshakwenda, na mtoto naye aende? Si ningekuwa mpumbavu." Kisha mikono ikarudi kwenye ukili. "Nilikukasirikia. Usidhani sikukasirika. Miaka mitatu nilikuwa nikikuitikia salamu kwa ncha ya ulimi. Ila kukasirika nako kazi, bibie, na mimi kazi ninazo."

Nikalia. Nilikuwa sijalia mbele ya mtu tangu baba yako aondoke. Hakunibembeleza, aliniacha mpaka nikamaliza, akaniuliza, "Mtoto anataka kupanda nini huko Lindi? Kaniambia kuna kichochoro."

Nikasema anataka ua, jirani asimwone.

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba na kisu. Akarudi na vijiti, unene wa penseli, vyenye majani madogo madogo. Nikavitambua hapo hapo. Akasema, "Apande mhina. Kama ule niliokuletea wewe ukauua kwa kiu."

"Wewe uliniletea ua la kunusa," nikasema. "Ulikuwa unanicheka."

Jicho lake likanitazama kana kwamba nimesema mbili na mbili ni tano. "Mwalimu! Nani anayepeleka ua la kunusa kwa mtu anayetaka kujistiri? Mhina ndio ua wetu. Unaukata mwembamba unavyotaka, unakaa penye nafasi ndogo, haumdhuru mtu. Nilikuletea ua. Nilikuwa nije nikuoneshe na namna ya kuupanda."

"Mbona ulisema 'ua lako'?"

"Wewe si ndiye uliyesema 'langu'? Mgeni hakosolewi mlangoni kwake. Watu wamekucheka kisimani, na mimi nije nikusahihishe? Nikasema kama ulivyosema, usione haya."

Nilikaa pale, mtu mzima niliyestaafu, niliyesahihisha watoto wa watu kwa wino mwekundu maisha yangu yote. Mwanamke yule alikosea makusudi kwa kunihifadhi, na mimi kwa kosa lile nikamchukia, na kwa chuki ile nikabeba minyaa kutoka njia ya Kanga. Ningeuliza tu, "Bi Zuhura, huu ni mti gani?" Ningeuliza hivyo, leo angekuwa na macho mawili.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hili: panda mhina. Chomeka vijiti kwa kuachana mkono mmoja, na karibu na ukuta wako, si katikati, ili upate pa kusimama ukiupunguza bila kumwomba mtu akate upande wake. Ukifika gotini ukate kichwa, itakuuma roho lakini ukate, vinginevyo utarefuka juu na chini utabaki miguu mitupu, jirani akuone mpaka magotini. Mwagilia mwaka wa kwanza. Mbuzi watauonja, uwekee miiba mpaka ukomae. Hautakuficha haraka. Mvua mbili au tatu utaonekana, na hutakufa. Ukichanua utanukia mpaka ndani, na karibu na Idd au harusi wanawake watakuja kuomba majani ya hina, hata usiowajua. Wape. Nami nimegundua jana, nikiwa mzee, kwamba ua wako na ua lako vinaweza kuwa mti mmoja.

Na acha kilango. Upana wa mtu mwenye ndoo, basi. Bi Zuhura ameniambia nisisahau hilo, na amelirudia mara mbili.

Kujificha sikukatazi. Najua unavyochoka na watu; umenirithi. Siku nyingine utatoka kazini maabara na hutataka hata jua likuone, na ua utakufaa. Jirani yako simjui. Huenda ni mchokozi, huenda atahesabu wageni wako na sufuria zako, huenda siku moja atasema neno kuhusu nguo zako na utatamani ardhi ipasuke. Atakuita siku ambayo huna nguvu. Ninachokuomba, na sina kingine cha kukuomba, ni uinuke. Uinuke na hasira yako hivyo hivyo, uende ukaone, halafu ukasirike vizuri.

Kopo nililovitia vijiti liko nyuma ya mlango, limefungwa kwa gunia lenye maji. Vijiti ni kumi na viwili. Ukiwa botini lishike magotini, usiliweke chini watu wakalikanyaga. Bi Zuhura aliponikabidhi alisema, "Mpe mtoto ua lake." Mdomo wangu wa ualimu ukaniponyoka: "Ua wake, Bi Zuhura." Akacheka mpaka akajifuta jicho. "Umekijua Kiswahili, Mwalimu. Umechelewa tu."

Kesho ukienda kumuaga usimtaje jicho, labda alitaje mwenyewe. Mwitikie tu kama ulivyokuwa ukimwitikia. Mimi nitakuja nyuma yako, kwa kijia.

Limebaki moja ambalo sijakuambia, nalo ndilo lililonifanya niweze kuandika mengine. Jana kabla sijavuka nilisimama muda mrefu pembeni mwa pipa letu. Nikasema, nitaita mara tatu kama alivyoita yeye, na asipoitika nitarudi ndani, itakuwa haki yangu. Nikaita, "Bi Zuhura!"

Aliitika mara ya kwanza.

Mama yako